Je, Tuziamini Bashiri Zitangazwazo Kabla ya Uchaguzi?

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, swali moja huletwa kwetu na watu wa sharika, hapa Kihesa na hata huko vijijini: "Tumesikia redioni ya kuwa fulani amepata 60 katika 100, na mwenzake 30. Je, neno hili ni kweli? Na kama ni kweli, kuna faida gani kwenda kupanga mstari kituoni?" Tumeona vema kulitazama swali hili kwa utaratibu katika somo la mwezi huu, ili walimu wapate la kuwajibu watu, na kila msomaji aweze kuzipima habari hizi mwenyewe. Habari ya chama kipi kifaacho hatuigusi kabisa. Hiyo ni kazi ya kila mtu na dhamiri yake mbele ya sanduku la kura.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe lapoteza watu. Husemwa "kura za maoni". Lakini kwetu Tanzania kura za maoni ni zile wapigazo wanachama wa chama ili kumpata mgombea wao. Tena kura ya maoni ni ile ambayo wananchi wote huitwa kuamua neno moja kubwa, kama walivyofanya Wazanzibari mwaka 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa. Hizo ni kura kwelikweli, zina sanduku na zina hesabu. Jambo tulisemalo hapa si kura. Ni watu wachache walioulizwa, na majibu yao yakafanywa kuwa mfano wa majibu ya wote. Basi sisi tutaliita uchunguzi wa maoni, ili tusichanganye.

Je, yawezekana watu wachache kutoa habari za wengi? Yawezekana, na sisi wa nyanda hizi za mahindi tusione ajabu. Mnunuzi wa mahindi afikapo sokoni hamwagi gunia zima chini alitazame punje kwa punje. Huchukua bambo, akalichoma ubavuni mwa gunia, na kwa punje chache zimwagikazo mkononi mwake hujua kama mahindi ni makavu, kama yana wadudu, kama yamechanganywa na ya mwaka jana. Hakuna amwitaye mjinga kwa kufanya hivyo. Lakini muuzaji mwerevu ajua mahali bambo lipendapo kuchomwa, na hapo ndipo atiapo mahindi yake mazuri. Yaliyooza huyaficha katikati. Kwa hiyo mnunuzi mzoefu huchoma juu, huchoma kati, huchoma chini, tena huchoma magunia mengi, si lile alilosogezewa tu.

Uchunguzi wa maoni ni bambo la namna hiyo. Kama limechomwa pande zote bila upendeleo, watu 1,000 waweza kutoa habari za mamilioni, na kosa litokalo kwa bahati tu litakuwa kama 3 katika 100, kwenda juu au kushuka chini. Ukitaka kosa hilo lipungue liwe nusu, haitoshi kuuliza watu 2,000. Yakupasa kuuliza 4,000. Hesabu hii imejulikana siku nyingi na haina hila. Hila, au tuseme udhaifu, huingia penginepo.

Wamarekani walijifunza neno hili kwa aibu mwaka 1936. Gazeti lao moja mashuhuri, Literary Digest, lilipeleka karatasi kama milioni 10 kwa watu, likarudishiwa zaidi ya milioni 2. Nani angeshuku hesabu kubwa namna hiyo? Likatangaza ya kuwa Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Siku ya kura ilipofika, Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Sababu yake ni kwamba majina mengi yalitolewa katika orodha za wenye simu na wenye motokaa, na katika miaka ile ya shida watu hao hawakuwa taifa zima. Tena wengi wa waliopelekewa karatasi hawakurudisha, na waliorudisha hawakuwa wa nia moja na walionyamaza. Wakati huohuo George Gallup aliwauliza watu wachache mno kuliko hao, lakini aliwachagua kwa uangalifu, akamtaja mshindi sawasawa.

Sasa tuje kwetu. Katika uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 wagombea wawili wa urais walikuwa na nguvu kupita wengine, John Magufuli wa CCM na Edward Lowassa, ambaye alikuwa amehamia Chadema Julai ya mwaka ule. Shirika la Twaweza lilikuwa na uchunguzi uitwao Sauti za Wananchi. Namna yake ni hii: kwanza walikwenda nyumba kwa nyumba Tanzania Bara wakachagua watu kama 2,000, wakawapa simu za mkononi na chaja za nguvu ya jua, kisha wakawa wakiwapigia mara kwa mara na kuwauliza maswali. Si njia mbaya. Hata mtu wa kijiji kisicho na umeme aliweza kujibu. Mwezi Septemba wakatangaza: katika kila watu 100, Magufuli 65, Lowassa 25. Shirika la Ipsos nalo likatangaza Magufuli 62, Lowassa 31. Uchunguzi mwingine, uliotangazwa siku zisizo mbali na hizo, ukamweka Lowassa mbele. Wapinzani wakauchekelea huu wa mwisho na kuukataa ule wa kwanza. Watu wa chama tawala wakafanya kinyume chake. Twamwomba msomaji aangalie neno hilo, kwa maana ni desturi yetu sote: bambo lisemalo tupendavyo ni zima, na lisemalo tusivyopenda limepinda.

Tume ilipotangaza, Magufuli alikuwa na kura 8,882,935, yaani 58.46 katika 100, na Lowassa kura 6,072,848, yaani 39.97. Tuzilinganishe basi. Mshindi alitajwa sawasawa na Twaweza na Ipsos. Lakini kwa Lowassa Twaweza walikosa karibu 15, na walikuwa wameuliza watu wapatao 1,848, ambao kosa lao la bahati halizidi 3. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tofauti ile haikutoka kwa bahati. Ilitoka wapi? Neno moja ni wakati. Maswali yaliulizwa mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, kampeni zilipokuwa changa, na watu wakapiga kura majuma saba baadaye. Neno la pili ni ulimi. Mtu apigiwapo simu na mgeni, akaulizwa atampa nani kura, aweza kusema kweli, aweza kusema lile adhanilo ni salama. Hatudai kwamba wengi walificha. Twasema tu kwamba bambo huchoma gunia lisilo na ulimi, na mwanadamu anao. Neno la tatu ni miguu. Katika watu 100 walioandikishwa mwaka ule, walipiga kura kama 67. Uchunguzi huuliza moyo wapenda nini, bali kura huhesabu waliofika kituoni.

Tena kuna jambo ambalo twaona halisemwi sana, nalo latuhusu sisi wa Iringa hasa. Kwa sensa ya mwaka 2012, manispaa yetu ilikuwa na watu kama 151,000, na Tanzania Bara yote zaidi ya milioni 43. Ukiwagawa wale 1,848 kwa kufuata wingi wa watu, mkoa wote wa Iringa wapata watu kama 40, na mji wetu wapata 6 au 7. Sita au saba! Hawajai hata benchi mbili za kanisa. Watu wa namna hiyo wafaa kuingizwa katika hesabu ya taifa, lakini hawawezi kusema lolote juu ya jimbo la Iringa Mjini. Ndivyo ilivyokuwa: CCM ikashinda urais, na huku Iringa Mjini ubunge ukachukuliwa na Peter Msigwa wa Chadema, na Mbeya Mjini ukachukuliwa na Joseph Mbilinyi wa chama hichohicho. Mtu wa Kihesa ambaye angesema mwezi Septemba, "Mambo yamekwisha, nchi imeamua," akabaki nyumbani, angekuwa ameacha kumchagua mbunge na diwani wake kwa sababu ya hesabu isiyomhusu.

Jirani zetu wa Kenya watupa mafunzo mengine mawili, moja jepesi na moja zito.

Lile jepesi ni la mwaka 2022. Siku chache kabla ya tarehe 9 Agosti, Ipsos ilitangaza Raila Odinga 47 katika 100, William Ruto 41. Magazeti yakaandika, "Raila aongoza." Matokeo yakawa Ruto 50.49 na Raila 48.85. Wengi wakasema uchunguzi ulidanganya. Lakini jumlisha 47 na 41, nawe utapata 88. Wale 12 wako wapi? Ni wagombea wengine wawili, ambao kura zao zilikuwa haba, na zaidi ya hao ni watu waliosema hawajaamua au waliokataa kujibu. Hesabu ya Raila ilikuwa karibu na kweli. Walionyamaza ndio walioelemea upande mmoja. Basi mwalimu akisoma habari za namna hii mbele ya watu, ajumlishe kwanza. Akiona waliobaki wamezidi tofauti ya wawili wa mbele, ajue kwamba mshindi hajatajwa bado, hata gazeti liandike kwa herufi kubwa namna gani.

Lile zito ni la mwaka 2007. Katika miezi ya mwisho kabla ya tarehe 27 Desemba, chunguzi nyingi zilimweka Raila Odinga mbele ya Rais Mwai Kibaki, lakini kwa tofauti ndogo ambayo yaweza kupinduka. Hesabu za kwanza zilizosikika redioni nazo zikamweka mbele. Tarehe 30 Desemba akatangazwa Kibaki, kwa tofauti ya kura kama 230,000. Zaidi ya watu 1,100 wakafa katika machafuko yaliyofuata, na mamia ya maelfu wakakimbia nyumba zao. Huko Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani waliteketezwa kwa moto humo tarehe 1 Januari 2008, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto.

Hatusemi kwamba uchunguzi wa maoni ndio uliowaua. Palikuwa na mambo ya ardhi, ya makabila, na ya viongozi. Tena tume ya Jaji Johann Kriegler ilisema baadaye kwamba hesabu zenyewe ziliharibika hata isiwezekane kujua nani alishinda. Malalamiko yalikuwa na sababu. Twasema hivi tu: pande zote mbili zilikwenda kwenye sanduku zikiwa zimeahidiwa ushindi, na mtu aliyeahidiwa huona kushindwa kuwa ni kuibiwa, hata kabla ya kuuliza. Uchunguzi wenye tofauti ya 2 au 3 hauwezi kuwa shahidi wa wizi, wala hauwezi kuwa shahidi wa haki. Shahidi ni karatasi ya matokeo iliyotiwa sahihi kituoni mbele ya mawakala. Mwaka 2022 Wakenya walizitoa karatasi hizo, ziitwazo Fomu 34A, za vituo zaidi ya 46,000, kila mtu akaweza kuzitazama katika mtandao. Na ijapokuwa tofauti ilikuwa karibu ileile ya kura 230,000, ugomvi ulipelekwa katika Mahakama ya Juu, ukaamuliwa tarehe 5 Septemba. Hata hivyo vituo vya televisheni, vilivyojihesabia karatasi hizo kila kimoja kwa zamu yake, vilionyesha washindi mbalimbali kwa saa ileile, maana kila kimoja kilianza na sehemu nyingine ya nchi. Hapo pia watu walisema vimehongwa. Havikuhongwa kwa lazima. Vilichoma bambo magunia tofauti.

Habari za magazeti na za redio nazo zina kipimo chake. Mengine ni ya chama chenyewe, kama Uhuru, gazeti la CCM, na msomaji ajua alisomaje. Ugumu ni kwa yale yasiyo na jina la chama. Na picha za mikutano ndizo zidanganyazo kuliko zote. Mwaka 2015 mikutano ya Lowassa ilijaa watu hata ikaitwa mafuriko, na wengi waliona katika picha zile ushindi uliokwisha kupatikana. Lakini uwanja hauulizi kitambulisho cha mpiga kura. Huja mtoto wa shule, huja aliyetoka wilaya nyingine kwa lori, huja apendaye muziki. Na yule mama aliyebaki shambani akipalilia ana kura moja sawa na wao.

Kisha zimekuja habari za simu. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2017 ilienea katika WhatsApp video iliyofanywa ifanane na habari za BBC, ikitaja uchunguzi wa maoni. BBC ikalazimika kutangaza kwamba si yake. Aliyeitunga alitenda kosa lake. Lakini aliyeipeleka kwa watu 50 bila kuuliza je? Walimu wanaofundisha amri ya nane wasiishie kwenye masengenyo ya kisimani tu.

Baada ya haya yote mtu aweza kusema, "Basi na zipigwe marufuku." Hilo hatukubaliani nalo. Julai 2018 Twaweza ilitangaza ya kuwa watu waliosema wanaridhika na kazi ya Rais Magufuli walikuwa wameshuka, kutoka 96 katika 100 mwaka 2016 hadi 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikaliandikia shirika juu ya kibali cha utafiti, na mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa hati ya kusafiria. Mwaka huohuo sheria ya takwimu ikakazwa, hata ikaogopwa kutangaza hesabu zisizopatana na za serikali. Mwaka 2019 ikalegezwa. Mnunuzi akinyang'anywa bambo, mahindi hayawi mazuri kwa ajili hiyo. Yeye tu ndiye asiyejua anachonunua. Tena ukimya haukai mtupu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku yenyewe ya kura, intaneti ilizimwa katika nchi yetu. Machafuko yakatokea, watu wakafa, na kwa siku kadhaa wengi wetu hatukuwa na habari ila uvumi wa jirani, nao haukuwa na idadi, wala tarehe, wala jina la aliyeuleta.

Kwa hiyo aletewapo mtu hesabu za uchunguzi, asizikatae wala asizimeze. Aulize nani alilipa, nani aliuliza, watu wangapi, wa wapi, siku zipi, kwa simu au uso kwa uso, kwa maneno gani, na wangapi hawakujibu. Kenya ilitunga sheria mwaka 2012 iwalazimishayo wanaotangaza chunguzi za uchaguzi kutaja mambo ya namna hii, tena yakataza kuzitangaza katika siku tano za mwisho kabla ya kura. Sisi twaweza kuyadai hata bila kulazimishwa na sheria. Habari isiyo na majibu haya, hata ikiwa na picha nzuri, iachwe hapo ilipo. Na yenye majibu isomwe kama habari ya siku ile iliyoulizwa, si kama habari ya siku ya kura.

Kwa walimu watakaotumia somo hili katika mikutano ya vijana au ya wazazi, twashauri zoezi moja. Chukueni ndoo, mtie punje 600 za mahindi na punje 400 za maharage, mkoroge vizuri. Mmoja afumbe macho achote punje 50, azihesabu, aziandike ubaoni, azirudishe, mkoroge tena. Na mwingine naye afanye vivyo hivyo, hata watu kumi. Mahindi yangepaswa kuwa 30 kila mara, lakini hamtayapata hivyo. Mara nyingi yatakuwa kati ya 23 na 37, na hakuna aliyedanganya. Kisha mahindi yote yawekwe chini na maharage juu, bila kukoroga, na mtu achote juujuu. Waacheni watu wajadiliane wenyewe ni gazeti gani limefanana na mchoto huo. Zoezi likiisha, makande yapikwe.